Hatua Elfu Ishirini za Mwalimu Muthamia

"Toa hii kitu yako kwa mkono wangu, Baba Kagure, kabla sijaitupa kwa—"

"Usitoe! Mama Kagure, usitoe, imebaki mia tatu—"

"—kwa ndoo ya maziwa! Nimekuambia ikitetemeka Inspekta anashtuka—"

"—mia tatu tu, wewe endelea kukamua, mkono ukienda juu chini inahesabu—"

"—na akishtuka anapiga teke, na akipiga teke napigwa mimi, sio wewe!"

Hapo wote wawili wakaishiwa na pumzi kwa pamoja. Inspekta, ambaye alikuwa ng'ombe na hakuwa na upande katika hayo maneno, akasikia saa ikimtetemekea kwenye kiwele, drrr, drrr. Akapiga teke. Ndoo ikaenda. Maziwa yakatafuta njia yao kwenye samadi, na kwenye kioo cha saa, juu ya mkono wa Ciakuthii, huyo Mama Kagure, uliojaa povu, vikatokea vifataki vidogo vya rangi na maneno ya Kiingereza ya kumpongeza mwenye saa.

"Elfu ishirini!" Mwalimu Muthamia akapiga makofi. Jioni hiyo alikuwa amesimama nje ya zizi, mahali samadi haifiki, na trakisuti ya bluu yenye mistari, raba nyeupe kama meno ya mtoto, na chupa ya maji ya ndimu. "Umeona? Imefika!"

"Nimeona maziwa," Ciakuthii akasema. Akainua ndoo, akaichungulia ndani, akaiweka chini tena. "Na Siakago naenda."

"Tumerudi kwa hayo ya Siakago."

"Celina amepasuliwa huko tangu Pasaka. Dada yangu wa tumbo moja! Mpaka leo nimemwona kwa simu, na simu yenyewe imepasuka kioo, namwona nusu."

"Kwani mimi nimekukataza?" Mwalimu akafungua mikono yote miwili, na ndimu ikamwagika kidogo. "Siku utapata mtu wa kukamua Inspekta, akate nyasi, achote maji, na aende forest kuni, wewe enda Siakago hata mwezi mzima. Mwezi! Nitakusindikiza mimi mwenyewe mpaka mlangoni mwa gari."

"Na wewe?"

"Mimi niko na programu, Mama Kagure."

Programu ilikuwa kweli. Mtu akisema Muthamia alikuwa mvivu atakuwa amemwonea. Alikuwa anaamka saa kumi na mbili na nusu, anakunywa maji ya moto na ndimu, anatandika mkeka wa mpira pale varanda, analala chali na kuvuta pumzi kwa hesabu: nne ndani, saba kushikilia, nane nje. Akifika ile saba ya kushikilia, mara nyingi Ciakuthii alikuwa anapita pale na mzigo wa nepia, nyasi za ng'ombe, mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, na Mwalimu alikuwa anafunga macho ili asivurugwe utulivu. Baadaye anaandika daftari la shukrani. "Nashukuru kwa hewa safi. Nashukuru kwa chai. Nashukuru kwa amani iliyo katika boma hili."

Alikuwa amefundisha shule ya msingi hapo juu Timau, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa deputi. Walimu wakuu wanne walikuja na kuondoka. Mmoja alihamishwa, wawili wakastaafu, na wa nne akafa Alhamisi, na hata huyo, kabla hajazikwa, Jumatatu gari ikaleta mwingine kutoka Nanyuki. Muthamia ndiye alimpangusia kiti. Akastaafu akiwa deputi, akapewa blanketi na saa ya ukutani, na kitu kilichobaki kikimkwaruza rohoni hakikuwa presha ile daktari alisema iko juu. Alikuwa anataka, kabla hajaitwa mbinguni, aitwe mwenyekiti. Wa kitu chochote.

Na Timau kulikuwa na kitu. Wazee ishirini na wawili, wastaafu, walikuwa wameanzisha kikundi pale kanisani, kinaitwa Wazee Imara. Walikuwa wanakutana langoni saa moja asubuhi, wanatembea kwa pamoja mpaka geti la shamba kubwa la ngano, wanagusa geti, wanarudi. Njiani walikuwa wanapishana na wake zao wakitoka mtoni. Walikuwa wanawasalimia vizuri sana, halafu wanawaomba wasogee kando, ili kasi isivunjike. Mwisho wa safari ilikuwa kwa kioski, chai na mandazi mbili mbili, kwa sababu mwili ukitoa lazima urudishiwe.

Mwenyekiti wao alikuwa Mithika, ofisa wa kilimo wa zamani, mwembamba kama mpini wa jembe, miguu inaanzia kwapani. Alikuwa anavaa filimbi shingoni. Akiipuliza, wazee wanasimama. Akiipuliza tena, wanatembea. Muthamia alikuwa akiiangalia ile filimbi vile watu wengine huangalia nyama ikigeuzwa kwa moto.

Mithika mwenyewe ndiye aliyeleta sheria: muhula wake ukiisha, mwenyekiti mpya atakuwa yule aliye na hatua nyingi zaidi kwa miezi mitatu, zimehesabiwa na mashine, hakuna kura, hakuna kampeni. Sheria nzuri sana, ukiwa na miguu ya Mithika.

Saa ya Muthamia ilitoka kwa binti yao. Kagure alikuwa anafanya kazi kwa laibrari ya chuo kikuu, Nchiru. Sio mbali. Ukitoka asubuhi unakunywa chai ya saa nne Timau. Lakini Kagure alikuwa na mambo mengi, kwa hivyo alikuwa anawaona wazazi Krismasi, na miezi hiyo mingine alikuwa anamtunza babake kupitia simu. Ile saa ilikuwa inamwambia kila kitu: hatua za baba, moyo wa baba, usingizi wa baba, mpaka mawazo ya baba yamejaa kiasi gani. Mawazo yakiwa machache kulikuwa na duara la kijani, yakizidi linakuwa jekundu.

Wiki ya kwanza Mithika alipata elfu kumi na moja kila siku. Muthamia alipata elfu tatu na mia nane, na kwa hizo, kama mia sita alizipata akitikisa mkono kwenye kochi wakati wa habari.

Halafu siku moja akasahau saa kando ya beseni la kuogea. Ciakuthii akaiokota na kuivaa ili isianguke majini, akaingia kwa kazi zake, akasahau. Jioni alipoirudisha, Mwalimu akaangalia kioo. Akafuta kioo na mkono wa trakisuti. Akaangalia tena. Elfu kumi na nne, na ilikuwa imevaliwa tangu saa sita mchana.

Kesho yake ngozi ikaanza kumwasha.

"Inanichubua," alimwambia mkewe. "Ni ule mpira. Hebu nivalie kidogo, mpaka ngozi ipone."

Ngozi ilikataa kupona miezi mitatu.

Asubuhi akienda na wazee alikuwa anavaa saa nyingine iliyokufa betri, chini ya mkono mrefu wa trakisuti. Akirudi, kabla ya daftari la shukrani, alikuwa anafungua simu kuona amefanya nini siku hiyo. Na alikuwa amefanya mengi! Hata yeye mwenyewe alikuwa anajionea huruma. Elfu kumi na tisa. Elfu ishirini na mbili. Siku za kuni, elfu ishirini na sita. Wazee wakaanza kumwangalia tofauti. Mmoja alimuuliza anatumia mafuta gani kwa magoti.

Shida ilikuwa kwamba saa haijui kunyamaza.

"Baba," Kagure akapiga simu jioni moja, sauti imejaa wasiwasi, "unalala masaa manne!"

"Mimi?"

"Nimeona hapa. Unalala saa tano na nusu, saa kumi na dakika kidogo uko juu. Na mawazo, Baba! Duara ni jekundu tangu Jumatatu. Nini inakusumbua?"

Muthamia akaangalia dirishani. Nje, yule mwenye duara jekundu alikuwa anapasua kuni.

"Ni maisha tu, mama," akasema, na sauti yake ikatetemeka kidogo, kwa sababu alikuwa ameanza kuamini.

Kagure hakulala. Wiki hiyo likafika Timau godoro nene la kupumzisha mgongo, la mtu mmoja. Yakafika mafuta ya kunukia usingizi. Ikafika orodha: Baba alale mchana kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Redio isipigwe. Kuku wafukuzwe karibu na dirisha. Asibebe kitu chochote kizito. Na jioni akandwe miguu dakika ishirini, kutoka kisigino kwenda juu, kwa sababu miguu inayotembea elfu ishirini na mbili kwa siku ni lazima ikandwe.

"Mama, tafadhali msaidie Baba," Kagure akasema kwa simu. "Mwili wake umechoka sana."

Ciakuthii akaangalia ile saa kwa mkono wake. Akamwangalia Baba Kagure, ambaye alikuwa ameshavua soksi.

"Umechoka?" akamuuliza.

"Mashine ndiyo inasema," Mwalimu akajibu kwa unyenyekevu.

Kwa hivyo ukipita pale kwao jioni za Julai, ungekuta mwenye hatua elfu ishirini na mbili amepiga magoti, anamkanda miguu mwenye hatua elfu tatu. Na mkono ukipanda ukishuka, saa ilikuwa inaongeza. Kumkanda miguu peke yake kulimletea Muthamia hatua mia saba kila siku. Aliandika kwa daftari: "Nashukuru kwa mafuta."

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Agosti, siku ya kukabidhi filimbi.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Wake walikuwa nyuma na chai. Mbele walikaa wageni, wazee kumi na watatu kutoka Siakago, waliokuja na gari la kanisa lao kujifunza vile watu wa Timau wameshinda presha. Kiongozi wao alikuwa Nyamu, karani mstaafu, mtu wa kucheka haraka. Walikuwa wamevaa mashati mepesi ya huko kwao chini kwenye joto, na baridi ya Timau iliwakuta kabla hawajashuka. Sasa walikuwa wamekaa wamejifunga leso za akina mama, wanatetemeka kwa heshima.

Muthamia alikuwa amechukua saa yake asubuhi hiyo. Ngozi ilikuwa imepona ghafla. Ila kulikuwa na kitu kidogo: mkanda ulikuwa umezoea mkono wa Ciakuthii, umejikunja pale kwenye tundu lake, na mkono wa Ciakuthii ni mnene kwa jembe. Mkono wa Muthamia ulikuwa wa chaki. Saa ikamning'inia kama bangili, akawa anaisukuma juu kila mara. Tundu za ndani zilikuwa zimejaa povu kavu la maziwa, zimeziba.

Projekta ikawashwa. Mithika: laki tisa na elfu tisini. Makofi. Mwalimu Muthamia: milioni moja, laki nane, na elfu tatu.

Ukumbi ukavuma. Nyamu akasimama na leso yake yenye maua, akapiga makofi juu ya kichwa. "Milioni! Huyu ametembea mpaka wapi, Sudani?"

Mithika alipiga makofi pia, polepole. Halafu akakohoa.

"Baite, mwenzangu, hongera," akasema. "Hongera kabisa. Lakini hawa wageni wametoka mbali. Hawakuja kuona hesabu, hesabu hata mimi naweza kuandika kwa karatasi. Waonyeshe njia."

"Njia gani?"

"Unapotembelea. Iko ndani ya hiyo simu yako. Lete."

Muthamia hakujua kama kuna njia ndani ya simu. Mithika akabonyeza mahali ambapo Mwalimu hakuwahi kubonyeza, na ukutani, pale juu ya madhabahu, ikatokea picha ya Timau kutoka angani: mabati, mashamba, forest nyeusi kwa juu. Na juu ya picha, mistari ya bluu imejiviringa kama uzi uliochezewa na paka.

Ukikaa kwa kilimo miaka thelathini, unasoma shamba kutoka juu vile mwingine anasoma gazeti. Mithika akachukua fimbo.

"Hapa ni kwa Muthamia. Sawa. Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, anatoka nyumbani, anaenda hapa." Akagonga ukuta. "Hapa ni zizi. Dakika thelathini na tano yuko kwa zizi. Anatoka. Anashuka huku. Huku hakuna barabara, watu wangu. Huku ni mtoni. Anarudi. Anashuka tena. Anarudi. Mara nne."

Nyuma, kikombe kimoja kikagonga kisahani.

"Saa moja asubuhi, wakati sisi sote tuko na yeye kwa barabara ya geti la ngano," Mithika akaendelea, mtamu kama asali, "yeye yuko kwa nepia yake. Sijui alijigawa vipi, hiyo tuachie Mungu, pengine mashine ilikosea saa. Lakini hii sasa. Jumanne na Jumamosi. Anapanda, anapanda, anaingia forest. Masaa mawili. Anarudi polepole. Polepole sana. Mtu anarudi namna hiyo akiwa na mzigo." Akageuka. "Mwalimu. Nani anaenda kuni kwako?"

Muthamia akasikia ile saa ikiteleza mpaka kwa vidole. Akaisukuma juu.

Kulikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa na mavi ya ng'ombe. Akisema ukweli, filimbi inabaki kwa shingo ya Mithika, na kuanzia kesho kila mzee wa Timau atamsalimia akimwangalia mkono. Akisema ni yeye, basi amesema mbele ya wanaume thelathini na tano kwamba yeye, mwanaume aliyetahiriwa, mwalimu, anabeba kuni mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Tangu babu zake wafike kwenye huu mlima hakuna mwanaume wa ukoo wao aliyeweka ile kamba kichwani. Mwanaume akibeba gogo, analibeba begani, na awe anaonekana.

Akaiangalia filimbi. Miaka kumi na tisa.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Ndiyo siri yenyewe, wazee. Nilikuwa nangoja siku ya leo niwaambie." Sauti ya darasani ikamrudia, ile ya kuaminiwa. "Hawa mama zetu, mmewahi kuona wakiwa na kitambi? Nikajiuliza, kwa nini? Nikachukua zile kazi zote. Maji, nyasi, kuni, ng'ombe."

"Na kamba?" Mithika akauliza. "Hapa?" Akagonga paji lake la uso.

"Hapo hapo," Mwalimu akasema, na jasho likamshuka. "Inanyoosha shingo."

Wageni wa Siakago ndio walianza. Nyamu akaruka, leso ikaanguka, akasema huyu ndiye mwanaume wa kwanza mwenye akili kumwona tangu uhuru, na hii dawa ataipeleka Mbeere yote, huko kwao. Wazee wa Timau wakaangaliana, na kwa kuwa wageni wanapiga makofi, wakapiga pia. Lakini Mithika aliinua fimbo.

"Ngojeni. Mashahidi wawili ni bora. Tuulize Mama Kagure."

Ciakuthii alikuwa amesimama kwa mlango wa nyuma, thamosi ya chai mkononi. Kwenye kiwiko chake sweta ilikuwa imekunjwa juu, na hapo mkononi, kwa kila mtu mwenye macho, kulikuwa na mstari mweupe wa duara ambao jua halikuwa limeuona miezi mitatu. Muthamia aliuona. Akafunga macho. Akavuta pumzi kwa hesabu, nne ndani, na akafika kwenye ile saba ya kushikilia akakwama hapo.

"Mama Kagure," Mithika akasema, "ni kweli hizi kazi zote anafanya Mwalimu?"

Akina mama wote nyuma wakageuza shingo. Wengine walikuwa wameshaanza kucheka chini kwa chini, wakingoja.

"Ni kweli," Ciakuthii akasema.

Muthamia akafungua jicho moja.

"Kila kitu," Ciakuthii akaendelea, bila haraka. "Maji, anachota. Nyasi, anakata. Kuni, Jumanne na Jumamosi, hata mvua ikinyesha. Mimi siku hizi hata sijui Inspekta anakamuliwa saa ngapi. Amenipumzisha kabisa. Andikeni hivyo."

Nyamu aliandika. Nderemo ikapanda mpaka mabati yakaitikia. Mithika hakuwa na la kufanya. Akavua filimbi, akaiangalia mara moja, akamvisha Muthamia. Mwenyekiti Muthamia! Aliipuliza hapo hapo, mara mbili, na wazee wakasimama na kukaa. Machozi yakamlenga. Na kwenye mkono wake, saa iliyoning'inia ikatetemeka drrr, drrr, ikimkumbusha kwa Kiingereza kizuri kwamba amekaa muda mrefu sana leo na ni vizuri ainuke atembee.

Hakuiangalia. Alikuwa anamwangalia mke wake kwa upendo ambao hakuwa ameuandika kwa daftari, na akili yake ilikuwa inatunga shukrani ya kesho.

Ciakuthii hakuwa amekaa. Aliweka thamosi juu ya meza, akaifunga kifuniko vizuri. Akashusha sweta. Akapita katikati ya viti mpaka mbele, na Muthamia akanyoosha mkono akidhani anakuja kumpongeza, lakini akampita, akasimama mbele ya Nyamu, ambaye alikuwa anaokota leso.

"Baba," akamwambia, "hilo gari lenu likirudi Siakago leo, kuna kiti kimoja?"